Mabilioni ya Mrima na Chupa ya Shanga

Haya ni maandishi ya mazungumzo ya afisa wa habari wa kaunti na wakazi, yaliyofanyika Msambweni. Tumeyachapisha kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.

 

Nianze kwa kuungama. Mimi si mkemia. Nilisomea uanahabari, na kemia niliiacha kidato cha nne bila kuagana nayo vizuri. Lakini kazi yangu ni kuandika taarifa zinazosomwa na nyinyi, na miaka kadhaa iliyopita niliandika taarifa fupi iliyotaja kilima cha Mrima. Nikatumia maneno "madini ya mabilioni", kwa sababu ndivyo kila mtu alivyokuwa akiandika. Wiki haikwisha, mzee mmoja akanisimamisha stendi ya Ukunda. Akaniuliza, "Mwanangu, hayo mabilioni yako wapi? Mimi Mrima nimepanda tangu utotoni, nimeona miti, nyani na udongo mwekundu. Mabilioni sijayaona." Nilicheka. Yeye hakucheka. Aliuliza swali la haki, nami sikuwa na jibu. Leo nimekuja kulijibu, na jibu lenyewe linaanzia Diani, kwenye maji ya hoteli.

Naomba chupa hii ipitishwe, mkono kwa mkono. Msiifungue, tafadhali. Mnaona ndani kuna shanga ndogo sana za rangi ya asali, kama mayai ya samaki. Hizo zinaitwa resini. Nimepewa na fundi wa mabomba wa hoteli moja ya Diani, ambaye alikuwa akibadilisha zilizochoka.

Mnajua maji ya visima vyetu vya pwani. Ardhi yetu kando ya bahari ni mawe ya matumbawe, na maji yanapopita kwenye mawe hayo yanayeyusha chokaa. Mama yangu alikuwa akitufulia sare za shule kwa maji ya kisima, sabuni inayeyuka nusu mche na povu halionekani. Birika nalo likawa na ukoko mweupe ndani, ukiugonga unavunjika kama ganda la yai. Wenye hoteli hawataki ukoko huo kwenye mitambo yao ya maji moto. Basi wanapitisha maji kwenye pipa refu lililojazwa shanga hizi. Maji yanaingia magumu, yanatoka laini. Hakuna chujio la kitambaa linaloweza kufanya hivyo, kwa sababu chokaa iliyoyeyuka haina chembe za kunaswa. Ndani ya maji kuna kitu kidogo kuliko chembe, kiitwacho ioni.

Ioni ni atomu yenye chaji ya umeme. Chumvi ikiyeyuka majini, sodiamu yake inakuwa ioni yenye chaji moja chanya. Kalsiamu ya chokaa ina chaji mbili chanya. Resini yenyewe ni plastiki, na kila ushanga una maelfu kwa maelfu ya sehemu zenye chaji hasi. Chanya na hasi huvutana. Fikirini matatu yenye viti, na kila kiti lazima kiwe na abiria. Mwanzoni viti vyote vimekaliwa na sodiamu. Maji ya kisima yakipita, kalsiamu inaingia, na kwa kuwa ina chaji mbili inashika kwa nguvu zaidi. Inakalia viti viwili, na sodiamu wawili wanashuka. Kiti hakibaki wazi hata kidogo. Ndiyo maana jambo hili likaitwa ubadilishanaji wa ioni. Anayeingia lazima ampishe mwingine nje.

Viti vikijaa kalsiamu vyote, pipa halifanyi kazi tena. Hapo fundi anamimina maji ya chumvi kali. Sodiamu zinakuja kwa wingi kama abiria wa mkesha wa Idi, na kwa wingi wao zinaiondoa kalsiamu vitini. Maji hayo machafu yanamwagwa, na pipa linaanza upya. Shikeni hilo la maji machafu kumwagwa. Nitalirudia.

Tena si jambo la hoteli peke yake. Mwaka 1850 mkemia Mwingereza aitwaye J. T. Way alichapisha utafiti kuhusu udongo wa shamba. Alikuwa ameona kwamba ukimwagia udongo maji yenye amonia, ya aina inayotoka kwenye samadi, udongo unaishika amonia na kuachilia chokaa badala yake. Kwa hiyo shamba lako la mihogo kule Dzombo linafanya kazi ya shanga hizi kila siku. Udongo wa mfinyanzi unashika chakula cha mimea ili mvua isikichukue chote. Resini za kutengenezwa kiwandani zilikuja baadaye, mwaka 1935, kwa mikono ya Waingereza wawili, Adams na Holmes.

Sasa twende kwenye madini. Wengi wenu mnalijua vizuri lile shimo la Maumba na Nguluku. Meli ya kwanza ya madini kutoka Kwale iliondoka Likoni mwaka 2014, na uchimbaji ukakoma Desemba 2024. Ndugu zetu wengi walifanya kazi pale. Niulize: waliwahi kuona mapipa ya asidi? Hawakuona, kwa sababu hayakuhitajika. Mchanga ule ulikuwa na punje za ilmenaiti, rutaili na zirkoni zilizokwisha kuachana zenyewe, kila punje ikijitegemea. Kazi ilikuwa kuzipanga. Maji yalitenga punje nzito na nyepesi. Sumaku ikavuta ilmenaiti. Umeme ukatenga rutaili, inayopitisha umeme, na zirkoni, isiyopitisha. Kilichopakiwa melini bado kilikuwa mchanga.

Mrima si hivyo, na hapa ndipo watu wengi wanapopotea, mimi nikiwa wa kwanza wao.

Mrima ni mwamba wa kale wa volkano wenye asili ya chokaa, ambao jua na mvua za miaka mingi mno zimeugeuza udongo. Wanajiolojia wa serikali waliuchunguza tangu miaka ya 1950. Ndani yake wakakuta niobiamu, na kundi la metali liitwalo madini adimu. Madini adimu ni kumi na saba kwa jumla. Majina yake ni magumu, nitataja machache tu: lanthanamu, seriamu, praseodimiamu, neodimiamu, disprosiamu. Yanatumika kwenye sumaku zenye nguvu sana. Ile bodaboda ya umeme mnayoanza kuiona mjini, mara nyingi ndani ya mota yake kuna sumaku ya neodimiamu. Spika ya simu yako pia.

Jina "adimu" linadanganya kidogo. Seriamu, kwa mfano, si haba ardhini. Uadimu uko kwenye kuyapata moja moja, safi. Ukichukua punje moja ya madini hayo na kuitazama kwa darubini, hutakuta kipande cha neodimiamu hapa na kipande cha seriamu pale. Yote yamechanganyika ndani ya fuwele moja, yakibadilishana nafasi, maana yanafanana kupita mapacha. Karibu yote yana chaji tatu chanya. Tofauti pekee ya kutegemewa ni ukubwa wa ioni. Kutoka lanthanamu hadi ya mwisho, lutetiamu, ioni inapungua ukubwa kwa takriban sehemu moja ya sita tu, na upungufu huo umegawanyika kwa madini kumi na matano. Kati ya jirani na jirani tofauti ni ndogo mno. Sumaku ya Nguluku haiwezi. Maji hayawezi.

Zamani walifanya kwa kuyeyusha na kugandisha, kuyeyusha na kugandisha, kama mtu anayetengeneza chumvi. Mwaka 1911 mkemia wa Marekani aitwaye Charles James, ili apate madini moja tu liitwalo thuliamu likiwa safi, alirudia kugandisha mara zipatazo 15,000. Mimi nikirudia kuhariri taarifa mara tatu nachoka.

Basi shanga za chupa hii zinasaidiaje? Kama zote zina chaji tatu, si zitakalia viti kwa namna ileile? Karibu ileile, ndiyo. Siri iko kwenye hiyo "karibu".

Chukueni ndugu wawili wa tumbo moja wanaotoka pamoja sokoni Ukunda kwenda msikitini. Mwendo wao ni mmoja. Lakini mmoja anapenda kidogo tu zaidi kusimama na kusalimia watu. Kutoka duka la kwanza hadi la pili huoni tofauti. Barabara ikiwa ndefu na watu wa kusalimia ni wengi, mmoja ataswali jamaa na mwingine atakuta watu wanatoka. Pipa refu la resini ndiyo barabara hiyo. Kila ushanga ni mtu wa kusalimiwa. Ioni inashika, inaachia, inashika tena, mara maelfu. Tofauti iliyokuwa si kitu mwanzoni inakuwa tofauti kubwa mwishoni, na kila metali inatoka chini ya pipa kwa zamu yake.

Ila resini peke yake haitoshi kwa mapacha hawa. Panahitajika kitu ndani ya maji cha kuwavuta kwa viwango tofauti. Kimoja kinaitwa EDTA, na mmekiona bila kukijua. Ukipimwa damu hospitalini, ile chupa ndogo yenye kifuniko cha zambarau ina EDTA. Inaikamata kalsiamu ya damu ili damu isigande. Kwenye pipa la madini adimu, EDTA inazikumbatia ioni ndogo kwa nguvu zaidi kuliko kubwa, inazibandua kwenye shanga na kuzishusha kwanza. Lutetiamu inatangulia, lanthanamu inabaki nyuma kabisa.

Njia hii ilikua wakati wa vita vikuu vya pili na miaka iliyofuata, Marekani, walipokuwa wakitafuta silaha za nyuklia. Mwaka 1945 ilitumika kumtambua mmoja wa ukoo huu ambaye hakuwahi kuthibitishwa na mtu, promethiamu. Kule Iowa, Frank Spedding na wenzake wakaikuza hadi wakaweza kupata madini haya kwa kilo badala ya gramu.

Niseme ukweli ili mtu asije kunisuta kesho: viwanda vikubwa vya leo, hasa vya China ambako sehemu kubwa mno ya kazi hii hufanyika, havitumii resini kama njia kuu. Resini ni safi sana lakini ni ya polepole, na inataka maji mengi. Wanatumia mafuta. Maji ya asidi yenye madini yanakorogwa na mafuta maalumu, kisha yanaachwa yatengane kama tui linavyojitenga na mafuta yake, na metali moja inapenda mafuta kidogo kuliko mwenzake. Halafu tangi la pili, la tatu, hadi mamia. Resini imebakia pale panapotakiwa usafi wa hali ya juu, na pale panapotakiwa kunasa metali chache zilizo ndani ya maji mengi. Lakini wazo ni lilelile la ndugu wawili barabarani. Tofauti ndogo inarudiwa mpaka inakuwa kubwa. Ukielewa shanga hizi umeelewa na matangi yale.

Sasa nirudi kwa mzee wangu wa Ukunda.

Mwaka 2013 magazeti yaliandika sana kwamba Mrima una madini adimu ya dola bilioni 62.4. Watu walianza kugawana fedha hizo kwenye vijiwe vya kahawa. Hesabu ya namna hiyo ni hesabu ya mali iliyo chini ya ardhi. Unakadiria kiasi cha kila metali udongoni, kisha unazidisha kwa bei yake, na bei ni ya metali iliyokwisha tenganishwa na kusafishwa. Ni kama kumtazama ng'ombe malishoni ukamhesabia bei ya viatu vya ngozi vya dukani. Gharama ya kumchinja, kuikausha ngozi, kuilainisha na kumlipa fundi haimo. Na katika udongo wa aina hii, kwa kawaida zaidi ya nusu ya madini adimu ni seriamu na lanthanamu, ambayo ni ya bei rahisi. Mnunuzi anatamani neodimiamu na praseodimiamu. Anayechimba hawezi kuchimba hayo mawili akaacha mengine. Anachimba yote, na kuyatenga ni juu yake au juu ya mwingine.

Nani huyo mwingine ndilo swali lenye pesa. Sheria ya Madini ya mwaka 2016 inagawa mrabaha hivi: asilimia 70 serikali ya kitaifa, 20 kaunti, 10 jamii inayoishi pale madini yanapochimbwa. Mrabaha ni sehemu ya thamani ya kinachouzwa. Kikiuzwa udongo uliochambuliwa tu, bado umefumbata metali zote pamoja, asilimia 10 yenu ni asilimia 10 ya mrabaha unaokatwa kwenye bei ya udongo. Kikiuzwa mchanganyiko uliokwisha yeyushwa na kuondolewa uchafu, bei inapanda. Ikiuzwa oksidi safi ya neodimiamu, inapanda zaidi. Jirani zetu Burundi wamelipitia jambo hili. Mgodi wa Gakara ulianza kutoa madini adimu mwaka 2017, ukisafirisha udongo uliochambuliwa kwenda nje. Mwaka 2021 serikali ikausimamisha, ikilalamika kwamba nchi haipati sehemu yake ya haki. Na mkitaka kujua utengaji unafanyika wapi, tazameni hata habari za hapa nyumbani: kampuni ya Energy Fuels ya Marekani, iliyoinunua Base Resources mwaka 2024, ina kinu chake cha kutenga madini adimu jimbo la Utah.

Kijana mmoja ananiashiria hapo nyuma. Najua anataka kusema basi kiwanda kijengwe hapa. Subiri, ndugu yangu. Ndipo ninapokwenda, na kwenye suala hili sitaki kuwapaka mafuta kwa mgongo wa chupa.

Kabla ioni hazijafika kwenye shanga au kwenye matangi ya mafuta, lazima fuwele ivunjwe. Inavunjwa kwa asidi ya salfuriki au kwa magadi makali, pamoja na moto. Kila kitu kinayeyuka, kizuri na kibaya. Na kibaya chenyewe kinajulikana. Udongo wa Mrima una thoriamu, metali inayotoa mnururisho. Wanasayansi wamepima mara kadhaa na kukuta mnururisho wa asili pale uko juu kuliko kawaida. Thoriamu hiyo imekaa pale tangu kabla ya babu zetu, ndani ya udongo, chini ya miti. Ukiyeyusha udongo, unaitoa kwenye nyumba yake. Kiwanda kinaitenga na madini adimu, kwa sababu mnunuzi haitaki. Mnunuzi akiikataa, inabaki kwa nani?

Watu wa Bukit Merah, karibu na mji wa Ipoh nchini Malaysia, wanalijua jibu. Kiwanda cha madini adimu kilianza kazi pale mwaka 1982, kikitumia mchanga uliobaki kwenye migodi ya bati. Taka zake zilikuwa na thoriamu. Mwaka 1985 wakazi walikwenda mahakamani kwa sababu ya namna taka hizo zilivyokuwa zikiwekwa. Kesi ilipanda na kushuka miaka mingi, na kiwanda kikafungwa mwaka 1994. Usafishaji wa mahali pale uliendelea muda mrefu baada ya kazi kwisha. Waliokuwa wameajiriwa walikuwa wakazi, na walioshtaki walikuwa wakazi pia. Msidhani ni kisa cha wajinga na werevu.

Na maji? Nilisema nitayarudia. Pipa la hoteli likijaa, linasafishwa kwa chumvi, na maji ya chumvi yanamwagwa. Hoteli moja, pipa moja. Kiwanda cha kutenga madini kinafanya vivyo hivyo, ila badala ya chumvi ni asidi, na badala ya kalsiamu ni kila kilichokuwa udongoni. Kule kusini mwa China kuna udongo wa mfinyanzi ambao umeshika ioni za madini adimu juu juu, kwa ule ubadilishanaji niliosema wa shamba la mihogo. Makuutu, mashariki mwa Uganda, kuna udongo wa jamii hiyo. Huko China ilikuwa kazi rahisi: unamwagia mlima maji ya chumvi ya amonia, yanashuka na madini. Hakuna kusaga wala kuchoma. Lakini amonia hiyo iliingia kwenye mito na visima, na mkoa wa Jiangxi umetumia miaka mingi kuhangaika na vilima vilivyoachwa vitupu.

Upande wa pili wa shilingi ni kwamba shanga hizihizi zinaweza kutumika kunasa metali mbaya kwenye maji taka kabla hayajatoka getini. Ni kazi inayofahamika, si ndoto. Inagharimu fedha, na mtu hutumia fedha hizo akiulizwa. Asipoulizwa, mara nyingi husahau.

Nisieleweke vibaya. Sijaja kusema Mrima uchimbwe wala usichimbwe. Leseni za madini makubwa hutolewa na serikali ya kitaifa, haitolewi na kaunti, na mimi ni afisa wa habari tu. Lakini nataka mkumbuke jambo moja la nyumbani. Mrima ni kaya, ni msitu wa hifadhi, na ni turathi ya taifa iliyotangazwa kisheria. Machi 2013 kampuni ya Cortec ilipewa leseni ya kuuchimba. Agosti mwaka huohuo leseni ikafutwa. Kampuni ikaipeleka Kenya mbele ya wasuluhishi wa kimataifa wa ICSID ikidai zaidi ya dola bilioni mbili. Oktoba 2018 wasuluhishi waliikataa kesi hiyo. Na sababu yao iko karibu sana na nyinyi: leseni haikuwa halali tangu mwanzo, kwa kuwa masharti ya sheria za Kenya hayakutimizwa, ikiwemo idhini ya mazingira na vibali vinavyotakiwa kwa msitu unaolindwa. Yale makaratasi ya tathmini ya mazingira, ambayo tukiitwa barazani kuyajadili tunaona ni kupoteza siku, ndiyo yaliyookoa mabilioni ya nchi nzima. Sheria inawapa nyinyi nafasi ya kusema kabla tathmini haijapitishwa. Notisi ikibandikwa kwa chifu au ikisomwa redioni, nendeni.

Mkifika, msiishie kuuliza kazi ni ngapi. Hilo litaulizwa na kila mtu na litajibiwa vizuri. Ulizeni kitakachopita getini kwenye lori ni nini hasa: udongo, mchanganyiko, au metali iliyotengwa. Ulizeni thoriamu itakaa wapi mwaka wa kwanza, na itakaa wapi mwaka wa hamsini, mwenye kampuni akiwa amekwisha kwenda zake, na kama Mamlaka ya Udhibiti wa Nyuklia imeona mpango huo. Ulizeni maji ya kuoshea yatatoka mto gani, na yakishatumika yatapita kwenye nini kabla ya kurudishwa. Akikujibu "tutafuata viwango vya kimataifa", mwambie ahsante, sasa onyesha pipa lenyewe. Kama ana mpango, pipa limo kwenye mchoro.

Yule mzee nilimtafuta tena mwezi uliopita, nikamweleza haya kwenye kikombe cha kahawa, chupa hii ikiwa mezani. Aliitikisa, akaitazama kwenye mwanga. Akasema, "Kumbe mabilioni hayako Mrima. Yako kwenye kutenganisha." Nikamwambia karibu yote, ndiyo. Akafikiri kidogo, akauliza, "Na uchafu wa kutenganisha, huo nao una bei?" Nikamwambia hilo aje aulize hapa leo. Namwona amekaa pale mbele, kando ya dirisha.

Basi chupa ikimfikia, tuanze maswali na yeye. Karibu, mzee.